Malta: Kisiwa chenye mahekalu makongwe kuliko piramidi

KISIWA cha Malta ni kidogo kiasi kwamba, katika ramani nyingi za dunia, jina lake huandikwa baharini kwa kukosa nafasi kwenye nchi kavu. Pamoja na vingine viwili vinavyokaliwa, Gozo na Comino, eneo lake ni takriban kilomita mraba 316 tu, kusini mwa Sicily katika bahari ya Mediterania. Wasomaji wa Biblia wanakifahamu kwa jina la Melita, mahali ambapo merikebu ya Mtume Paulo ilivunjika.

Mzungumzaji wa Kiswahili akitega sikio sokoni huko, hatakuwa mgeni kabisa. Sita kwa Kimalta ni sitta, saba ni sebgħa, na tisa ni disgħa. Dunia huitwa dinja, kitabu ktieb, asali għasel. Chimbuko ni Kiarabu kilichoota mizizi baada ya Waislamu kukiteka kisiwa hicho mwaka 870, kisha kikachanganyika na Kiitaliano na kuandikwa kwa herufi za Kirumi. Wamalta wengi ni Wakatoliki, lakini humwita Mungu Alla, na Kwaresima wao huiita Randan, neno litokalo kwa Ramadhani.

Hata hivyo, kinachowavuta watalii zaidi ni mawe. Malta haina mto wa kudumu wala msitu wa kutajika, bali imejaliwa mawe ya chokaa ya rangi ya asali, laini kiasi cha kuchongeka kwa urahisi. Katika Gozo liko hekalu la Ġgantija, lililoanza kujengwa yapata mwaka 3600 kabla ya Kristo, miaka elfu moja hivi kabla ya piramidi za Giza. Waliolijenga hawakuwa na zana za chuma wala shaba, ilhali baadhi ya mawe yake yana urefu wa zaidi ya mita tano. Si ajabu wenyeji wa zamani walisimulia kuwa ni kazi ya jitu la kike lililoishi kwa kula maharagwe.

La kustaajabisha zaidi ni lile lililo chini ya ardhi. Mnamo 1902, vibarua waliokuwa wakichimba matangi ya maji karibu na Valletta walitoboa paa la pango lililochongwa na binadamu. Ndilo Hypogeum la Ħal Saflieni, makaburi ya ghorofa tatu yanayokadiriwa kuhifadhi mabaki ya watu 7,000. Dari zake zina michoro ya rangi nyekundu, nayo huharibiwa na pumzi na joto la miili ya wanaoitazama. Kwa sababu hiyo, wageni huingia kumi kumi, wasiozidi 80 kwa siku. Asiyenunua tiketi mapema huishia mlangoni.

Valletta, mji mkuu, ulizaliwa kutokana na vita. Mnamo 1565 majeshi ya Milki ya Uthmaniya yalikizingira kisiwa kwa karibu miezi minne, yakashindwa na watawa wapiganaji wa Shirika la Mtakatifu Yohana. Mwaka uliofuata kiongozi wao, Jean de Valette, aliweka jiwe la msingi la mji unaobeba jina lake. Katika kanisa lao kuu, sakafu yote ni makaburi ya marumaru, na ndani yake umetundikwa mchoro wa Caravaggio wa 1608 kuhusu kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji. Mtu aweza kuusafiria mchoro huo pekee, asijute.

Kwa wapenda maumbile, yapo majabali ya Dingli yenye urefu wa mita 250 hivi juu ya bahari, na pango la Għar Dalam lililopatikana mifupa ya ndovu na viboko wa kimbilikimo waliotoweka zamani. Maji ya samawati ya Comino huvutia umati mkubwa mno, hata mwaka 2025 serikali ikaanzisha utaratibu wa kujiandikisha kabla ya kwenda.

Lakini jiwe lililo laini kwa mchongaji ni laini pia kwa mawimbi. Kwa miaka mingi picha ya Malta iliyosambaa zaidi ilikuwa ya Azure Window, tao kubwa la mwamba huko Dwejra, Gozo, lililosimama mguu mmoja baharini. Wataalamu walionya kuwa linalika, na mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kutembea juu yake. Asubuhi ya Machi 8, 2017, katika dhoruba kali, liliporomoka lote pamoja na nguzo yake. Leo anayetaka kuliona hana budi kuvaa mtungi wa hewa na kupiga mbizi, kwani vipande vyake vimelala chini ya maji, na samaki wanapita katikati yake.