Sheria za Watumwa Watoro (Marekani)

Sheria za Watumwa Watoro ni sheria mbili za Bunge la Marekani, ya 1793 na ya 1850, zilizomwezesha mmiliki wa watumwa kumfuata mtoro hadi katika majimbo yaliyokataza utumwa na kumrudisha kwa nguvu. Zilizua ugomvi mkubwa kuhusu mipaka ya serikali ya shirikisho.

Chanzo

Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 iliyaachia majimbo mambo mengi, utumwa ukiwamo, lakini iliagiza mtoro akabidhiwe kwa anayemdai. Sheria ya 1793, iliyotiwa saini na Rais George Washington, ilimruhusu mmiliki au wakala wake kumkamata mtu na kumfikisha mbele ya hakimu. Hata watu weusi waliozaliwa huru waliishi kwa hofu ya kutekwa. Ona Judge, aliyetumikishwa nyumbani kwa Washington mwenyewe, alitoroka mwaka 1796 akakimbilia New Hampshire. Juhudi za kumrudisha zilishindikana, ila alipofariki mwaka 1848 bado alikuwa mtoro machoni pa sheria.

Upinzani wa majimbo

Mwaka 1826 Pennsylvania ilipitisha sheria dhidi ya utekaji. Edward Prigg, wakala wa mmiliki, alishtakiwa chini ya sheria hiyo kwa kumchukua Margaret Morgan, aliyedaiwa kuwa mtoro, na watoto wake hadi Maryland mwaka 1837, akatiwa hatiani. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu hiyo mwaka 1842. Hata hivyo, Jaji Joseph Story wa mahakama hiyo alieleza kuwa kuwarudisha watoro ni jukumu la shirikisho, na majimbo hayawezi kulazimishwa kulitekeleza. Massachusetts ilishika hoja hiyo, na mwaka 1843 ikawakataza maofisa wake kushiriki na ikazuia jela zake kutumika.

Sheria ya 1850

Wamiliki walijibu kwa kudai mkono mrefu zaidi wa shirikisho. Chini ya sheria mpya, kesi zilipelekwa kwa makamishna wa shirikisho, na aliyekamatwa hakuruhusiwa kujitetea kwa ushahidi wake mwenyewe. Kamishna alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, na dola 5 akimwachia. Aliyemficha mtoro aliweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000 na kufungwa hadi miezi 6, na raia yeyote aliweza kuamriwa kusaidia msako. Mwaka 1854 mtoro Anthony Burns alipitishwa katika mitaa ya Boston chini ya ulinzi wa askari, akapakiwa melini kurudishwa Virginia.

Mwaka huohuo umati wa watu ulivunja jela ya Milwaukee, Wisconsin, na kumtoa mtoro Joshua Glover, ambaye alifika Kanada. Katika kesi iliyofuata, mahakama ya juu ya Wisconsin ilitamka kuwa sheria ya 1850 inakiuka Katiba. Mwaka 1859 Mahakama ya Juu ya Marekani, chini ya Jaji Mkuu Roger Taney, ilibatilisha uamuzi huo.

Mwisho na maana yake

Carolina Kusini ilipojitenga mwaka 1860, miongoni mwa malalamiko yake ni kwamba majimbo ya Kaskazini yalikuwa yakizuia urudishaji wa watoro. Kwa hiyo dai kwamba Kusini ilitetea tu haki za majimbo halisimami: haki hizo zilipomkinga mtoro, wamiliki walitaka zivunjwe. Wingi wa mamlaka ya majimbo au ya shirikisho haukutosha kumlinda mtu ambaye Katiba ilikubali ahesabiwe kuwa mali. Bunge lilifuta sheria zote mbili mwaka 1864, na mwaka 1865 Marekebisho ya 13 ya Katiba yakapiga marufuku utumwa nchini kote, isipokuwa kama adhabu ya jinai.