Kuku Ndani ya Nyumba: Desturi ya Masika katika Nchi ya Kyela

Nchi ya Kyela, ambayo kwa mashariki inatazamana na milima ya Livingstone, kwa kaskazini na nyanda za Rungwe, na kwa kusini inaishia ufuoni mwa Ziwa Nyasa, imeruzukiwa maji kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Kwani mvua yake ya mwaka hupita milimita 2,000, na fauka ya hiyo mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huiteremshia maji ya milimani, ikayamwaga katika bonde lisiloinuka sana juu ya usawa wa ziwa lenyewe. Neema hiyo ndiyo iliyoupa mchele wa Kyela sifa yake katika masoko ya Dar es Salaam, na ndiyo iliyostawisha migomba, michikichi na mikakao. Bali kuku hupata ndani yake taabu tu. Ifikapo Aprili, ardhi ikiwa imekwisha kushiba, unyevu hupanda sakafuni mwa banda kutoka chini hata kama paa halivuji tone, matandiko huvunda, na mwenye kuku aliye mwangalifu hana budi kuwaingiza ndani, jikoni au stoo, mpaka banda litengenezwe likauke. Wako wanaolifanya jambo hilo kwa haya, wakidhani kwamba ni dalili ya unyonge; nami naona haya hiyo haina msingi, kwa kuwa historia ya nchi yenyewe inaikanusha.

Mwaka 1879 Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti aliyeachiwa uongozi wa msafara baada ya mkubwa wake, Keith Johnston, kufariki njiani huko Behobeho, alifika kaskazini ya ziwa hili akastaajabu kwa aliyoyaona: viwanja tambarare visivyo na gugu wala taka, miti mikubwa yenye vivuli, na nyumba za mianzi na udongo zilizojengwa kwa ustadi ambao hakuutarajia. Usafi huo aliousifu ulikuwa usafi wa watu waliolala paa moja na ng'ombe wao. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti wao kwa Wanyakyusa, wenyeji wa nchi hii, kati ya 1934 na 1938, waliikuta desturi hiyo ingali hai, na katika kitabu cha Good Company, alichokitoa Monica mwaka 1951 baada ya mumewe kufariki, zimeelezwa nyumba ambazo ng'ombe walifungwa ndani usiku, pamoja na wenyewe, na samadi ikawa riziki ya migomba iliyozunguka maskani. Ni kitabu hicho hicho kilichowajulisha wanazuoni wa ulimwengu vijiji vya marika, yaani ile kanuni ambayo kwayo wavulana, wakifikia umri wa miaka 10 hivi, walitoka nyumbani kwa baba zao wakajenga vibanda vyao mahali pao mbali. Jambo hili hunifikirisha kila ninapolikumbuka: watu waliodiriki kumtenga mwana na baba yake kwa kijiji kizima hawakuona vema kumtenga mnyama na moto.

Maana siri ya nyumba ile ilikuwa moto. Kuni zilizowaka jioni na makaa yaliyobaki mpaka alfajiri yalikausha hewa, moshi ukapanda katika nyasi za paa ukafukuza wadudu, na kila kilicholala chini ya paa hilo, awe mtu, ndama au kuku, kilipata sehemu yake ya ukavu katika miezi ambayo nje hapakuwa na kitu kikavu. Walipofika wamisheni wa Moravian na wa Berlin mwaka 1891, na baada yao serikali ya Wajerumani kisha ya Waingereza, ikaingia polepole nyumba ya matofali yenye pembe nne na vyumba, na baadaye bati. Ikaja pia, baada ya uhuru, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo kwa redio na vikundi vya kusoma iliwafikia watu wazima takriban milioni 2 katika Tanzania Bara nzima, ikiwafundisha kuchimba vyoo na kusafisha mazingira ya nyumba zao. Mafundisho hayo yalikuwa na heri kubwa, wala simtakii mtu yeyote arejee kulala na ng'ombe. Lakini kuku alipotolewa nje alijengewa kibanda kwa mabaki: mbao zilizosazwa, bati lililotoboka, udongo uliowekwa juu ya ardhi bila kuinuliwa, na moto, uliokuwa mlinzi wake, akauacha nyuma.

Madhara ya unyevu si ya kubuni. Kinyesi kilicholowa hutoa hewa kali ya amonia inayochoma macho na mapafu ya kuku. Vijidudu vya kuhara damu, ambavyo wataalamu huviita koksidia, hupevuka katika matandiko yenye joto na majimaji. Na ukungu unaoota humo huwashika vifaranga kifuani. Kwa hiyo kuwaingiza ndani ni matibabu, maadamu kuna adabu. Kuku huhamishwa usiku, wakiwa wametulia, na aliyeatamia huchukuliwa pamoja na kiota chake, mahali pao pasiwe chumba cha kulala watu wala pa kuwekea chakula na maji ya kunywa, pumba za mpunga, ambazo hapa hazina uhaba, hutandikwa na kutolewa zikilowa, mikono huoshwa. Kuku aliyezubaa, anayehema kwa taabu au kupinda shingo haingizwi pamoja na wazima, kwa kuwa ugonjwa wa kideri hauhitaji zaidi ya usiku mmoja kuenea.

Na banda lenyewe liinuliwe sakafu kwa udongo uliopondwa au kwa nguzo, lizungushiwe mfereji, upenu wake utokeze mbali, na kuta zake ziwe za mianzi iliyopasuliwa ili upepo wa ziwani upite. Nao ndio ujuzi ule ule wa mianzi aliousifu Thomson, uliokwisha kuthibitishwa na mvua za bonde hili. Udongo mpya usipokauka hata chini ya mkono, kuku wasirudishwe, ijapokuwa jikoni pamekuwa finyu. Siku za kuwa nao ndani ni fursa njema pia ya kuwatia machoni tone la chanjo ya kideri aina ya I-2, inayorudiwa kila miezi 3 au 4, kwa sababu kumkamata kuku aliyelala stoo ni kazi nyepesi kuliko kumfukuza shambani kwenye matope.