Baraza la Mfalme Lilivyopata Makao: Historia Fupi ya Mahakama za Westminster

Mwaka 1875 mahakama tatu kongwe za Uingereza, yaani Hazina, Mahakama ya Madai ya Kawaida na Mahakama ya Mfalme, ziliunganishwa kuwa sehemu za Mahakama Kuu moja. Zote tatu zilichipuka kutoka baraza la wafalme wa Enzi za Kati: maaskofu, makabaila na makarani waliomshauri mfalme, wakamhesabia mapato na kuamua kesi pamoja naye. Wengi wanaolikumbuka baraza hilo huwasifu wafalme wenye hekima. Mimi nashikilia kwamba lilikomaa kuwa taasisi pale lilipoacha kuandamana na mfalme, likakaa mahali pamoja na kuandika maamuzi yake.

Mfalme wa karne ya 12 alitawala akiwa safarini, ngome hadi ngome, Uingereza na katika milki zake za Ufaransa, na aliyetaka haki alilazimika kumfuata huko huko. Richard wa Anstey aliionja adha hiyo. Mwaka 1158 alianza kudai ardhi ya marehemu mjomba wake, akishindana na Mabel de Francheville, binti wa marehemu, kwa hoja kwamba ndoa ya wazazi wa Mabel haikuwa halali. Kesi ilichukua miaka mitano. Orodha ya matumizi aliyoiandika ipo hadi leo: farasi waliomfia njiani, gharama za wajumbe, zawadi kwa wakubwa, mikopo yenye riba nzito. Alimfuata Mfalme Henry II hadi kusini mwa Ufaransa. Hatimaye alishinda, lakini maskini mwenye haki kama yake asingethubutu hata kuanza.

Hazina ilitangulia kutulia, kwa kuwa kazi yake ilihitaji meza. Meza hiyo, futi 10 kwa 5, ilitandikwa kitambaa chenye miraba, na juu yake vihesabio vilisogezwa mbele ya sherifu wa kila jimbo, hata asiyejua kusoma akaona anadaiwa kiasi gani. Richard FitzNigel, mtunza hazina, aliueleza utaratibu huo kwa maandishi mnamo miaka ya 1170. Mwaka 1178 Henry II aliteua majaji watano, makasisi wawili na walei watatu, wasikilize malalamiko ya raia. Baadaye kikao cha kudumu kilijengeka Westminster, katika ukumbi uliojengwa na William II. Kumbukumbu za kesi zilizosalia zinaanzia 1194, zikiwa zimeandikwa kwenye vipande vya ngozi vilivyoshonwa pamoja. Tangu hapo mdai aliweza kuonyesha kilichoamuliwa bila kutegemea kumbukumbu ya kabaila fulani.

Mtu anaweza kupinga kwamba mahakama hizo zilikuwa mradi wa mfalme wa kujitajirisha. Hati ya kufungua kesi ililipiwa, faini ziliingia kwake, na majaji aliwaweka na kuwaondoa yeye. Ni kweli, na Edward I alipowafukuza majaji wake wengi kwa ufisadi baada ya 1289, ilidhihirika kuwa makao ya kudumu hayaondoi rushwa. Hata hivyo, ushahidi mzito unatoka kwa mahasimu wa mfalme. Mwaka 1209 Mfalme John alisimamisha kikao cha Westminster, kesi zikarudi kumfuata. Makabaila walioasi 1215 wangeweza kudai mahakama zake zivunjwe, kwani walikuwa na zao, na ibara ya 34 ya Magna Carta, hati waliyomlazimisha John kuikubali, inazilinda. Lakini ibara ya 17 iliagiza madai ya kawaida yasikilizwe mahali maalumu, na ya 18 ikataka majaji wa mfalme wafike kila jimbo mara nne kwa mwaka. Waasi hao walitaka mahakama za mfalme ziwafikie zaidi, mradi zisitegemee nyendo zake.

Mahakama za Kenya na Tanzania zilirithi sehemu kubwa ya taratibu hizo kupitia ukoloni, kwa hiyo funzo lake linatuhusu. Jaji mwadilifu ni neema, lakini hustaafu. Masijala inayotunza majalada, tarehe ya kesi inayoheshimiwa na hukumu iliyoandikwa huendelea kumlinda mwananchi hata jaji huyo akiondoka, na fedha za umma zinazotumika kuvilinda vitu hivyo zimetumika kwa haki.