Kuhesabiwa Haki: Istilahi Moja kati ya Imani na Utii

Katika istilahi zote ambazo Ukristo ulizipandisha bara kutoka pwani, ni chache zinazotamkwa mara nyingi na kufasiriwa kwa nadra kama hii ya kuhesabiwa haki. Mwanglikana wa Berega huisikia katika Waraka kwa Warumi; Mkatoliki wa Ilonga huisikia katika somo la Misa; na Mlutheri wa Mikumi, ambaye madhehebu yake yalizaliwa katika hoja juu ya neno hilo hilo, hukumbushwa kila mwaka inapowadia sikukuu ya Matengenezo, tarehe 31 Oktoba. Walakini ukimwuliza mmoja wao baada ya ibada, hali amesimama mlangoni na Biblia kwapani, maana yake ni nini, aghalabu atakujibu kwa kukupa neno jingine, yaani kuokoka, na lile la kwanza litabaki pale pale lilipokuwa. Hasara yake si ndogo, kwa kuwa swali lisilokoma kubishaniwa katika wilaya ya Kilosa, la kama mtu huokolewa kwa kuamini au kwa kutii, limejengwa juu ya istilahi hii, na asiyejua ilivyoundwa hajui hasa anabishania nini.

Maneno ya Kiyunani yaliyo nyuma yake ni mawili. La kwanza ni dikaioo, neno la mahakamani: hakimu kumkatia mtu hukumu kwamba yu mwenye haki, hana hatia. La pili ni logizomai, neno la wenye madaftari: kuandika kiasi fulani katika hesabu ya fulani. Paulo, katika sura ya tatu ya Warumi, hutumia la kwanza. Katika sura ya nne, amletapo Ibrahimu kuwa shahidi, huingiza la pili, kwa sababu ndilo lililotumika katika Mwanzo 15:6 kwa tafsiri ya Kiyunani ya Torati. Katika Union Version, Biblia iliyotoka mwaka 1952 kwa kuunganisha kazi ya wafasiri wa Unguja na ya wale wa Mvita, maneno haya mawili yameozwa: hesabu imetoka sura ya nne, haki imetoka sura ya tatu, na msomaji wa Kiswahili, hata pale ambapo Paulo anasema habari za hakimu peke yake, huisikia na kalamu ya karani ikikwaruza pembeni. Mfasiri mkali wa Kiyunani huenda akalalamika. Mimi naona ndoa hiyo ni halali, maana Paulo mwenyewe ndiye aliyekuwa mshenga.

Wengine walijaribu njia nyingine. Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilitoka mwaka 1937 na ambaye alikusudia kuyapunguza maneno ya asili ya Kiarabu, aliyaacha yote mawili, haki na imani, akaandika wongofu mahali pa la kwanza na kumtegemea Mungu mahali pa la pili. Huko kumtegemea ni fasiri ya kusifiwa, kwa kuwa kunaonyesha mtu aliyeegemea asichoweza kukibeba. Ama wongofu, nadhani uliteleza, maana masikio yetu husikia habari ya mtu aliyegeuka njia, si ya mtu aliyehukumiwa. Biblia ya Habari Njema, iliyotimia katika miaka ya 1990, ilichagua kusema kukubaliwa kuwa mwadilifu: maneno safi, yanayoeleweka upesi, lakini daftari limefungwa na karani amekwenda zake.

Taabu ya Union Version iko katika neno haki lenyewe, ambalo limehama tangu siku zile. Kwa mtu wa pwani wa zamani, mwenye haki alikuwa mtu mnyofu ambaye mizani yake haikosi. Leo haki ni kitu cha kudaiwa: haki ya mfanyakazi, haki ya mjane, haki za binadamu. Si ajabu basi msikilizaji akadhani kuwa kuhesabiwa haki ni kuonekana unastahili, ambayo ni kinyume kabisa cha alichokusudia Paulo. Mwalimu wa Kilosa anayetaka kulirudisha neno mahali pake hana haja ya kwenda mbali. Katika mashamba ya mkonge ya Kimamba, zama za ukoloni, kibarua alipewa kipande, kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi iliyokamilika, na mshahara wake ulingoja mpaka zitimie siku 30. Aliyekijaza kipande chake alikuwa na haki ya ujira, wala hakudaiwa shukurani na mwenye shamba, kwa sababu alilipwa deni. Ndiyo hoja ya Warumi 4:4-5: kwa afanyaye kazi, ujira ni deni; lakini habari anayoitangaza Paulo ni ya kipande kilichojazwa kwa jina la mtu ambaye hakuingia shambani hata siku moja. Asiyeshtuka kwa habari hiyo hajaisikia bado. Wapinzani wa Paulo walishtuka ipasavyo, na swali lao, kwamba kwa nini basi mtu asiendelee kutenda dhambi, yeye mwenyewe analileta mwanzoni mwa sura ya sita.

Na hapo ndipo utii unapoingia, au tuseme, ndipo tunapogundua kwamba ulikuwamo ndani siku zote, umekaa kimya katika neno imani.

Imani ni neno la Kiarabu, la shina moja na amani, amana, muumini na uaminifu, nalo lilitembea bara na misafara kabla ya mmishonari yeyote kulichapisha. Lilifika likiwa na historia yake ya mabishano, kwani wanazuoni wa Kiislamu walikwisha kujadiliana tangu karne ya kwanza ya Hijra kama amali ni sehemu ya imani au ni kitu mbali: Murjia walizitenga, Makhawariji walizifunga pamoja kwa ukali, na Maibadhi wa Omani, ambao masultani wa Unguja walikuwa wa madhehebu yao, hushikilia kwamba imani ni kauli na amali pia. Lakini Waswahili, ambao hawakungoja ruhusa ya wanazuoni wa dini yoyote, walilipa neno hilo maana ya tatu. Kwetu, mtu mwenye imani ni mtu mwenye huruma. Tukisema kwamba fulani hana imani, hatusemi kwamba haendi kanisani au msikitini. Twasema amemwona mgonjwa barabarani akapita. Wafasiri walipoiteua imani iwe fasiri ya neno la Kiyunani pistis, walichukua bila kujua, au pengine kwa kujua, neno ambalo tayari lina mikono na miguu. Tena pistis yenyewe si ya kichwani tu: katika Wagalatia 5:22, panapotajwa tunda la Roho, Union Version hiyo hiyo imeifasiri uaminifu.

Utii nao una siri yake. Kwa asili ni Kiarabu vilevile, ndugu wa neno la kale taa, lakini mama akimlalamikia mwanawe nyumbani hasemi kwamba mtoto hatii. Asema mtoto hasikii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kila mtu ajua kwamba methali hii haimsemi kiziwi. Katika Kiyunani ni vivyo hivyo: hypakoe, utii, limetokana na akoe, kusikia, na Paulo asemapo katika Warumi 10:17 kwamba imani hutokana na kusikia, analitumia neno hilo la pili. Mwanzoni mwa waraka huo huo, katika 1:5, ameunganisha maneno mawili ambayo vitabu vya mabishano vimeyatenga kwa karne nyingi, akanena juu ya utii wa imani. Mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye kwake kusikia ni kupokea habari na kusikia ni kutenda uliloambiwa, ameketi mahali pazuri pa kuuelewa usemi huo kuliko wengi walioandika vitabu vizito juu yake.

Historia ya Kilosa haikurahisisha mambo. Church Missionary Society ilifika Mpwapwa mwaka 1876, na mnamo 1880 ikawa na kituo Mamboya, ambako J. T. Last aliishi miongoni mwa Wakaguru na kuandika sarufi ya lugha yao, iliyochapishwa mwaka 1886. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokwisha kujenga Bagamoyo tangu 1868, walifika Ilonga katika muongo ule ule. Wamishonari wa Mamboya walikuwa Waanglikana wa mrengo wa kiinjili, ambao Kifungu cha 11 kati ya Vifungu 39 vya kanisa lao hufundisha waziwazi kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani wala si kwa matendo yake. Hiyo ndiyo ilikuwa habari mimbarani. Lakini chini ya mimbari Mkaguru alikutana na orodha: pombe marufuku, ngoma za jadi marufuku, mke wa pili marufuku, na aliyevunja alitengwa na meza ya Bwana mpaka atubu hadharani. T. O. Beidelman, mwanaanthropolojia aliyeanza kukaa kwa Wakaguru mwaka 1957, alikiandika kisa hiki katika kitabu chake cha 1982, tena kwa ukali kiasi. Nami simlaumu mzee wa kanisa wa zama hizo, aliyekabidhiwa kundi na daftari la nidhamu kwa mkono mmoja; ila ni dhahiri kwamba aliyesikia mahubiri ya neema na kuishi chini ya orodha, aliamini orodha.

Uamsho uliotoka Ruanda na Uganda katika miaka ya 1930 ulikuja kuwa jibu la hali hiyo, nao ukaleta kitenzi chake. Walokole, yaani waliookoka kwa Kiganda, walikataa kusema juu ya uanachama na orodha, wakasema: nimeokoka. Kisarufi kitenzi hiki kina ajabu. Kuokolewa humtaka mwokozi, maana lazima uulizwe umeokolewa na nani. Kuokoka husema tu kwamba mtu ametoka salama, kama aliyeokoka ajalini, bila kumtaja aliyemtoa. Tena husemwa kwa wakati uliotimia, ilhali Paulo hutumia nyakati zote tatu: katika Warumi 8:24 wokovu umekwisha kuwa, katika 1 Wakorintho 1:18 unaendelea, na katika Warumi 5:9 bado unangojewa. Mlokole mwaminifu huyajua haya yote na huyaishi. Lakini kitenzi chake, kikiachwa peke yake, kina haraka.

Turudi kwa Ibrahimu, kwa sababu ndiye shahidi wa pande zote mbili. Paulo humwita katika Warumi 4, Yakobo humwita katika sura ya pili ya waraka wake, na kila mmoja hutumia neno lile lile, dikaioo, Paulo kwa imani pasipo matendo ya sheria, Yakobo kwa matendo na si kwa imani peke yake. Wengi hukomea hapo, wakachagua mtume. Lakini tazama tarehe za shahidi. Paulo anasoma Mwanzo 15, Ibrahimu alipoamini ahadi hali hana mtoto wala hajatahiriwa, jambo litakalokuja katika sura ya 17. Yakobo anasoma Mwanzo 22, miaka mingi baadaye, mwana amekwisha kuzaliwa na kukua na baba anatakiwa amtoe. (Waislamu wa Kilosa na Mikumi hukumbuka sadaka hiyo kila mwaka kwa Idi ya kuchinja, hivyo kisa si kigeni katika nyumba yoyote ya wilaya.) Paulo anauliza mtu aliingiaje katika daftari, Yakobo anauliza kama yule aliyeandikwa daftarini yu hai. Haya ni maswali mawili, na Waebrania 11:8 huyatia katika sentensi moja: kwa imani Ibrahimu alitii.

Ulaya iligombana juu ya jambo hili hadi kumwaga damu. Luther, katika Agano Jipya lake la mwaka 1522, aliongeza neno la Kijerumani lenye maana ya peke yake katika Warumi 3:28, ambalo halimo katika Kiyunani. Na Mtaguso wa Trento, tarehe 13 Januari 1547, ukatoa amri yake juu ya kuhesabiwa haki, ukikiri kwamba imani ndiyo mwanzo na mzizi, lakini ukakataa kuiacha peke yake. Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni na Kanisa Katoliki hawakutia sahihi tamko la pamoja mpaka tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006, na Waanglikana walilipokea kwa azimio la mkutano wao wa Lusaka mwaka 2016. Kwa muhtasari tamko hilo lasema kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yake, na kwamba matendo mema hufuata kama matunda. Mabishano mengi ya Jumapili alasiri katika vijiji vya Kilosa ni mabishano ambayo makanisa ya wabishi wenyewe yamekwisha kuyapatanisha kwa sehemu kubwa, wala hayakuwaambia.

Rai yangu ni kwamba istilahi ya kuhesabiwa haki ibaki. Ina kasoro ya neno haki lililohama, lakini kasoro hiyo hutibiwa kwa dakika chache za maelezo, hali faida yake, ya kuwaweka hakimu na karani katika chumba kimoja, haipatikani katika fasiri nyingine niliyoisoma. Imani nayo iachwe na huruma yake ya Kiswahili. Wahubiri wasiipunguze ikawa ni kukubali maneno tu. Na wale wanaofundisha darasa la kipaimara, Berega, Ilonga, Mikumi na kwingineko, nawasihi wasiifundishe Warumi 4 wiki moja na Yakobo 2 mwaka mwingine, bali wazisome zote mbili katika kipindi kimoja, na sura ya 15 na ya 22 za Mwanzo ziwe wazi mezani.