Beowulf (utenzi)
Beowulf ni utenzi wa kishujaa wenye mistari 3,182, uliotungwa kwa Kiingereza cha Kale, lugha ya Waanglo-Saksoni, na mshairi asiyejulikana jina. Ingawa ulihifadhiwa Uingereza, visa vyake hutokea Skandinavia, ambako Beowulf anamuua zimwi Grendel, kisha mama wa Grendel, na uzeeni anajeruhiwa hadi kufa na joka. Mistari yake haina vina. Kila mstari una vipande viwili vinavyofungamanishwa na takriri, yaani kurudiwa kwa sauti za mwanzo za silabi zenye mkazo. Nakala pekee, ya karibu mwaka 1000, iliunguzwa kingo na moto wa mwaka 1731. Kaburi la merikebu la Waanglo-Saksoni huko Sutton Hoo, Uingereza, lililofukuliwa mwaka 1939, lilionyesha kwamba fahari inayosimuliwa katika utenzi huo, dhahabu na kofia za vita, haikuwa njozi tupu.