Mwaka Ng'ombe Walipoondoka Kolo

Ukipanda kutoka barabara ya Dodoma na Babati hadi kwenye miamba ya Mungomi wa Kolo, wilayani Kondoa, utakuta mchoro mwekundu wa watu watano. Wa katikati ameshikwa, wawili huku, wawili kule. Mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyenakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, aliona humo mtu anayetekwa. Wataalamu wa baadaye wakasema huenda ni ngoma ya uganga, na aliyeshikwa anatibiwa. Kila nikiutazama nashindwa kuamua.

Vilima hivi vina kisa chao cha kushikwa mkono. Kufikia miaka ya 1970 mmomonyoko ulikuwa umechimba makorongo ya kummeza mtu mzima, na mwaka 1973 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote iondoke katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Si kupunguzwa. Kuondoka. Kwa Mrangi, mwenyeji wa vilima hivi, ng'ombe ni maziwa ya mtoto, ni samadi ya shamba, ni mahari ya kijana. Wenye ndugu nje ya eneo waliwapelekea mifugo yao, na mazizi yakabaki na vumbi.

Nchi ilikuwa imeshazoea amri za namna hiyo. Wagogo walihamishiwa vijijini katika Operesheni Dodoma kuanzia 1970, na Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 kuishi vijijini ni lazima kwa wote. Shule, maji na zahanati ndizo zilizoahidiwa. Mahali pengine nyumba zilichomwa ili mwenyewe asipate pa kurudi.

Mwaka uleule wa 1979 ikatoka riwaya ya Euphrase Kezilahabi, *Gamba la Nyoka*, kuhusu wanakijiji wanaolazimishwa kuhama. Wasomaji wa Kiswahili walikuwa tayari na *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha George Orwell, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Orwell alikuwa akiusema Umoja wa Kisovyeti wa Stalin. Katika *1984*, kitabu chake cha mwaka 1949, aliwaza dola ya kesho inayomchungulia mtu hadi chumbani. Kezilahabi hakuhitaji kuwaza kesho. Aliandika lililokuwa limepita juzi, na wasomaji wake walikuwa wamelala chini ya miti wakingoja kujenga upya.

Hapo ndipo riwaya kuhusu tawala za kiimla zinapotuhusu sisi kuliko tunavyokiri. Tumezisoma kama habari za madikteta wa mbali, wenye ndevu na mizinga, ilhali amri iliyofika Kolo ilikuja na miche ya miti na nia njema. Na ilifaulu! Majani yaliota, vilima vikavaa kijani, mchanga ukapungua mitoni. Siwezi kuyapuuza hayo. Aliyeona korongo likila shamba la mzazi wake hawezi. Lakini ripoti zilizopima majani hazikuwa na safu ya kuandika kama mwenye ng'ombe aliulizwa. Swali hilo liliachiwa waandishi wa riwaya.

Nililikumbuka Januari 2020, laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa. Nilisimama kwenye foleni juani, nikabonyeza kidole mara nne hadi kikasomeka. Sababu ilikuwa nzuri, kuzuia utapeli, na mimi mwenyewe nimewahi kutapeliwa. Hata hivyo, hakuna mtu kwenye foleni ile aliyeuliza alama zetu zitakaa wapi, wala nani ataruhusiwa kuzitazama. Nami sikuuliza. Zamani za amri zile, balozi wa nyumba kumi aliyejua wageni wako alikuwa jirani. Ungeweza kumfuata jioni mkabishana. Kile kimashine cha alama za vidole huwezi kukifuata nyumbani.

Kuanzia 1989 ng'ombe wa maziwa waliruhusiwa kurudi katika vilima vya Kondoa, kwa sharti la kufungwa bandani. Majani hukatwa na kubebwa kichwani, mara nyingi na akina mama na watoto, hadi mlangoni pa banda. Ng'ombe hutoa kichwa, hula, hurudi ndani. Riwaya ya banda hilo naingoja bado, iandikwe na mtu aliyewahi kubeba yale majani.