Manowari Iliyofia Mtoni na Mabega Yaliyobeba Vita Vyake



Sisi watu wa pwani tukisikia jina la Ifakara hukumbuka mchele. Na hatukosei, kwani bonde la Kilombero limelisha nyumba nyingi. Lakini je, umepata kufikiri kuwa bonde hilo, lililo mbali na bahari, nalo lina sehemu yake katika vita vya manowari vya Wazungu? Soma taratibu, kwani habari hii inatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani.

Tuanze na maji yenyewe. Mto Kilombero hupita karibu na Ifakara, ukaenda kukutana na mto Luwegu kwenye maporomoko ya Shuguli. Kuanzia hapo jina lake ni Rufiji. Mbele yake hupokea maji ya Ruaha Mkuu, kisha huteremka mpaka kwenye delta yenye mikoko, mkabala na kisiwa cha Mafia. Maji yanayopita Ifakara leo, basi, yana safari mpaka baharini. Na huko mwisho wa safari yake, katika tope la delta, ndiko ilikozama manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg.

Manowari hiyo ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914. Ilikuwa na mizinga mikubwa kumi, na nahodha wake aliitwa Max Looff. Vita vilipokaribia iliondoka bandarini, tarehe 31 Julai, ili isizingirwe humo na Waingereza. Tarehe 6 Agosti, siku mbili tu baada ya Uingereza kuingia vitani, iliikamata katika Ghuba ya Aden meli ya biashara iitwayo City of Winchester, iliyokuwa imebeba chai kutoka Bara Hindi. Baada ya kuchukua makaa yake, Wajerumani waliizamisha karibu na visiwa vya Kuria Muria, katika pwani ya Omani. Hiyo ndiyo iliyokuwa meli ya kwanza ya biashara ya Waingereza kupotea katika vita vile.

Lakini manowari haiendi kwa ushujaa wa nahodha peke yake. Huenda kwa makaa, na makaa yalikuwa haba. Ndipo mwanzoni mwa Septemba Looff alipoiingiza meli yake ndani ya delta ya Rufiji, akaificha mahali paitwapo Salale. Mikoko iliifunika, na meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata katika maji yale machache.

Wakubwa wetu wa Unguja walikuwa wakihadithia yaliyofuata. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ilitokea mbele ya bandari ya Unguja na kuikuta manowari ya Kiingereza, Pegasus, imetia nanga ikitengenezwa mitambo yake. Mizinga ya Pegasus haikuweza kumfikia adui, na ya adui ilimfikia barabara. Meli ikazama, na mabaharia 38 wakapoteza maisha. Baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, na makaburi yao yako pale kwa majina.

Königsberg ikarudi mafichoni, lakini mashine zake zikaharibika. Vipande vya mashine vikabebwa kwa njia ya nchi kavu mpaka kwenye karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa. Kumbuka, ndugu msomaji: vilibebwa na watu. Hapa ndipo manowari ilipoanza kupanda juu ya mabega ya wenyeji.

Mwisho wa Oktoba Waingereza wakaigundua. Wakaziba midomo ya mto kwa manowari zao, wakaizamisha meli ya makaa katika mkondo mmojawapo ili kuufunga, na Januari 1915 wakaiteka Mafia na kuifanya kituo cha ndege. Kisha zikaletwa manowari mbili fupi, Severn na Mersey, zisizohitaji kina kirefu. Zilishambulia tarehe 6 Julai bila kuimaliza. Tarehe 11 Julai 1915 zikarudi, huku ndege ikiruka juu kuonyesha makombora yanapoangukia, na siku hiyo Königsberg ikawaka moto. Nahodha akaamuru meli ibomolewe isije ikatumiwa na adui. Ikaketi katika tope la Rufiji, wala haikuinuka tena.

Wengi huimaliza hadithi hapo. Kwa watu wa bara, ndipo ilipoanza.

Wajerumani waliitoa mizinga yote kumi kutoka majini. Ikatengenezwa, ikatiwa magurudumu, na ikakokotwa nchini kwa mikono ya mamia ya watu. Mmoja ulipigana Kahe, chini ya Kilimanjaro. Mwingine ulipelekwa kwa reli mpaka Kigoma, ukafungwa katika meli ya Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, ile ambayo baadaye ilikuja kuitwa Liemba. Manowari ilikufa mtoni, lakini meno yake yakatawanyika nchi nzima.

Na vita navyo vikapanda bara. Mwaka 1916 Wajerumani waliposukumwa kutoka kaskazini na kutoka Iringa, sehemu ya jeshi lao ilikimbilia milima ya Mahenge, ng'ambo ya mto Kilombero. Hawakupachagua kwa bahati. Bonde lina mpunga, na askari hupigana kwa tumbo. Kilichokuwa chakula cha Wandamba, Wambunga na Wapogoro kikawa posho ya jeshi. Mwaka 1917 wakaja Wabelgiji na askari wao kutoka Kongo, wakiandamana kupitia bonde hilo, na tarehe 9 Oktoba wakaiteka Mahenge. Kila jeshi lililopita lilitaka mambo mawili: chakula na mabega.

Kwa nini mabega? Kwa sababu mbung'o waliwaua farasi, ng'ombe na punda, na barabara hazikuwapo. Sasa tufanye hesabu ndogo, ili uone dhuluma ilivyojificha ndani ya tarakimu. Chukua mfano wa mpagazi aliyebeba kilo 25 za unga, na kwa siku anakula kilo moja. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, amekula kilo 20, na kwa askari zimefika kilo tano tu. Ukitaka kilo zaidi zifike, utafanya mawili: utaongeza wapagazi, au utawapunguzia chakula. Majeshi yalifanya yote mawili. Watu wakachukuliwa vijijini mwao kwa nguvu, wakatembezwa katika mvua na mafuriko, wakilishwa kidogo na kulazwa chini bila ya nguo za kutosha. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa, baridi na njaa.

Wanahistoria wanakadiria kuwa wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao hawapungui 95,000. Wale waliokufa upande wa Wajerumani hawakuhesabiwa sawasawa. Jina la jeshi hilo la wapagazi limebaki katika ndimi zetu: Kariakoo ya Dar es Salaam imeitwa kutokana na Carrier Corps, na Nairobi nako kuna Kariokor. Tunakwenda Kariakoo kununua nguo za sikukuu na hatujiulizi ni msiba gani ulioupa mtaa ule jina lake.

Utasema, labda katika vita vya pili mambo yalibadilika. Yalibadilika hivi: katika vita vya kwanza Mwafrika alibeba mizigo ya manowari, katika vya pili alitiwa ndani ya meli yenyewe. Mwezi wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Ndani yake mlikuwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga, nayo ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297. Manowari za ulinzi zikatupa mabomu ya kuitafuta nyambizi ile mahali palepale walipokuwa wakielea walionusurika.

Ukienda Ngome ya Yesu, Mombasa, utaona mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus katika uwanja mmoja. Maadui wawili wametulia, watoto wanapigia picha. Na mwaka 1924 John Ingle, aliyekuwa nahodha wa Pegasus, alinunua haki ya mabaki ya Königsberg kwa pauni 200, apate kuuza madini yake. Hivyo ndivyo ilivyoishia fahari ile: chuma chakavu. Ama mtu aliyetolewa shambani kwake Kilombero akafia njiani na mzigo wa mwenziwe kichwani, yeye hakuwekewa bei, wala jiwe, wala jina.

Mzinga umehifadhiwa, na aliyeukokota amesahauliwa. Mwenyezi Mungu hamsahau mja wake, hilo hatuna shaka nalo. Lakini je, sisi? Ujira wa mtenda kazi ni haki yake, na wengi wa wale hawakulipwa. Hatuwezi kuwalipa leo. Tunachoweza ni kutowazika mara ya pili kwa usahaulifu.

Walioshuhudia vita vile wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Waliobaki ni wajukuu na vitukuu waliosikia kwa masikio yao: babu fulani alichukuliwa, hakurudi, bibi fulani alilea watoto peke yake. Basi, baba na mama mwenye nyumba, jioni moja baada ya chakula, waulize wakubwa waliobaki katika ukoo wenu: nani alichukuliwa, kutoka kijiji gani, na nani alimngoja? Chukua daftari la mtoto wa shule, uyaandike majibu kwa wino, na uwasomee watoto. Jina likishaandikwa nyumbani halihitaji jiwe la serikali. Nawe utakapowaombea dua marehemu wa ukoo wako, utamwombea na yule kwa jina lake.